Mama Mkwe Amevikwa Kibao cha Shule

Shangazi Justa, shikamoo. Nimekuwa nikisoma majibu yako kwenye gazeti hili tangu sijaolewa na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, sasa leo zamu yangu imefika na sicheki. Naomba unisaidie. Mama mkwe wangu ameondoka nyumbani kwa sababu ya ratiba ya shule, na yeye siyo mwanafunzi.

Mimi nina binti mmoja, Munira, yuko darasa la sita katika shule ya bweni ya wasichana huko Korogwe, jina la shule nalihifadhi, ni inglishi midiamu, sketi zao za zambarau. Nauza kandambili na vyombo vya plastiki hapa Kabuku barabarani, mume wangu Sabiri ni fundi wa matairi ya malori hatua chache kutoka dukani kwangu, na tulikuwa tunaishi na mama yake, Bibi Rukaya, Mzigua wa Handeni huko ndani kabisa, mama mpole ambaye Kiswahili anakiongea vizuri ila akifurahi au akiwa anaongea na kuku wake anarudi kwenye Kizigua.

Shangazi, ile shule inatuma ratiba ya wiki kwenye kundi la wazazi la WhatsApp kila Jumapili, mwalimu mkuu wao Madam Evodia anaituma mwenyewe pamoja na picha, na mimi naijua kwa moyo kuliko mtoto anavyoijua. Jumatatu mstarini na ukaguzi wa kucha, Jumanne Kiingereza kitupu, Jumatano mdahalo, Alhamisi tena Kiingereza kitupu na bustani ya mchicha, Ijumaa kila mtu na dini yake halafu netiboli, Jumamosi kufua, Jumapili kuwaandikia wazazi barua. Barua zenyewe ni za Kiingereza, mimi nilikuwa nampelekea mtu anisomee, mpaka siku nilipokutana na Mama Getruda wa Segera, naye ana mtoto pale, tukagundua barua zetu zinafanana neno kwa neno, hadi pale mtoto anaposema amemkumbuka sana paka wake, na Mama Getruda hajawahi kufuga paka. Tuliulizana kama twende tukaulize shuleni, tukaona aibu, tukakubaliana kwamba mwandiko ni mzuri.

Basi likizo hii ya Juni Munira akaja nyumbani, na Jumatatu ya kwanza asubuhi jua halijatoka vizuri tukasikia mfuniko wa sufuria unagongwa uani, tukatoka mbio tukijua kuna moto, kumbe ni mstarini. Akatupanga, baba yake mbele, mimi katikati, bibi nyuma, akaanza kukagua kucha, na kucha za fundi wa matairi unazijua. Akamwambia baba yake, "Wewe utafagia uwanja." Sabiri akacheka akachukua ufagio akafagia, na watu waliokuwa wanasubiri basi wakasimama kumwangalia, na mimi nikajisikia kama nimeshinda kitu, maana nilijua watauliza mtoto anasoma wapi.

Jumanne ilituponyoka, wote tulishinda mnadani. Jumatano tukafanya mdahalo, mada ni mkaa na gesi kipi bora jikoni, baba upande wa mkaa, mimi upande wa gesi, bibi akawa jaji. Tulibishana kwa kufuata taratibu, mheshimiwa mwenyekiti huku, mheshimiwa mwenyekiti kule, majirani wakajaa, mwisho Bibi Rukaya akatoa ushindi kwa kuni, ambazo hakuna aliyezitetea, na mume wangu alikata rufaa mpaka usiku wa manane.

Mpaka hapo nyumba ilikuwa na raha. Tatizo ni Alhamisi.

Munira alitoa kwenye begi lake kibao cha mbao chenye kamba, wasichana wenzake wanakiita medali, kina maandishi ya Kiingereza, akatuambia leo ni Kiingereza kitupu, atakayeongea lugha ya nyumbani anavikwa. Mimi nilijua kwamba hiyo ni adhabu ya shule, maana halisi ya maandishi sikuijua na sikuuliza. Mimi Kiingereza changu ni cha kuhesabu, nikaona bora ninyamaze, nikauza duka siku nzima kwa ishara, wateja wakanipa pole ya jino. Sabiri yeye aliokolewa na kazi yake, kila akifungua mdomo ni pancha, presha, spea, jeki, Munira akawa anamtazama anakosa pa kumshika. Bibi Rukaya alikuwa nje anawapa kuku pumba anawasimulia mambo kwa Kizigua kama kawaida yake. Munira akamwendea taratibu kutoka nyuma akamvika.

Shangazi, bibi alidhani ni zawadi. Alikishika akakigeuza, akambusu mjukuu wake kichwani, akaniuliza, "Mama Munira, kimenikaa?" Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimenyamaza kwa Kiingereza, nikaitikia kwa kichwa. Halafu nikatoa simu nikamchukua video akitabasamu na kibao chake, nikaituma kwenye kundi la wazazi nikaandika kwamba ratiba ya shule inaendelea hata nyumbani. Hapo hapo Madam Evodia akajibu kwa Kiingereza na vidole gumba vingi, wazazi wengine wakafuata, sijawahi kupongezwa vile tangu nizaliwe, na nilipoinua macho kutoka kwenye simu bibi alikuwa ameshabeba ndoo yake ya mahindi anaelekea mashine ya kusaga, kibao kifuani juu ya khanga. Nilimwona. Ningeweza kumwita. Nilirudi kusoma pongezi.

Pale mashineni alimkuta Mhina, kijana anayesoma chuo Tanga, naye alipokisoma akacheka mpaka akashika ukuta. Watu wakamwambia atafsiri. Akatafsiri. Kibao kinasema, Mimi ndiye mjinga wa leo.

Waliokuwepo wanasema bibi alikivua, akasubiri unga wake mpaka ukaisha kusagwa, akarudi nyumbani, akakiweka kibao juu ya kaunta yangu kati ya kandambili, akaingia ndani kukusanya nguo. Nikamfuata nikimwambia mama samahani, mtoto alikuwa anacheza, akanijibu akiwa anakunja khanga, "Mtoto alikuwa anacheza. Wewe ulikuwa unafanya nini?" Akapanda bodaboda, akaenda kwa mwanawe mdogo Mbaruku kule Handeni mjini. Na alipofika alikuta Mbaruku ameshaiona video, maana mzazi mmoja wa kwenye kundi ana dada yake Handeni na unajua video zinavyotembea.

Mume wangu aliposikia aliacha lori la watu likiwa kwenye jeki akaja dukani. Hakupiga kelele, Shangazi, afadhali angepiga. Alisema, "Mama yangu umemning'inizia bango kama gari bovu linalouzwa." Tangu siku hiyo chakula anakula kwa mama ntilie wa stendi na mimi ananisalimia kama mteja.

Nikamkalisha Munira chini nikamuuliza kwa ukali, kwa nini bibi yako, kwa nini usimvike hata jirani. Akalia sana. Akaniambia siku ya mwisho ya muhula iliangukia Alhamisi, wakachezeshwa netiboli, akaanguka akachubuka goti, akasema "mama nakufa" kwa Kiswahili, akavikwa pale pale damu zinatoka. Sheria ya medali ni kwamba unaivua ukimkamata mwenzako akikosea, lakini jioni ile wazazi walianza kuja kuchukua watoto, hakupata wa kumkamata. Matroni akamwambia aende nayo nyumbani, akirudi bila kumpata mtu wa kumvika ataivaa mstarini Jumatatu ya kufungua mbele ya shule nzima, wiki nzima atakula amesimama. Nikamuuliza, sasa ndiyo umvike bibi? Akasema, "Baba anaongea pancha, wewe ulinyamaza. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa anaongea."

Sasa tangu bibi aondoke mtoto amejivika mwenyewe kile kibao, anakivaa ndani ya gauni akidhani sioni, anafua nacho, anakula nacho, na kuongea ameacha kabisa, si Kiingereza wala Kiswahili. Sabiri alikwenda Handeni kumwomba mama yake arudi, akakaa naye mchana kutwa, bibi akamjibu kila kitu kwa Kizigua, mwisho akamwambia nyumba ya kuongea kwa kibali yeye haiwezi.

Na juu ya hayo, Madam Evodia amenipigia simu. Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa ni siku ya wazazi, anataka nisimame mbele nizungumzie nidhamu ya shule nyumbani, kwa Kiingereza, na picha yangu ameshaiweka kwenye tangazo. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Sasa nafanyaje? Nikatae au niende? Mtoto nimhamishe? Bibi nimrudishe vipi? Nimewaza nimpelekee mchele na kitenge. Nisaidie, Shangazi, na jina langu usilitoe.

Mama Munira,
Kabuku

*

SHANGAZI JUSTA ANAJIBU

Mama Munira, marahaba. Majina yote nimeyabadilisha, ingawa mtu akipita Kabuku akamwona muuza kandambili ambaye mume wake anakula stendi, hilo mimi sina uwezo nalo.

Nimekusoma nikicheka mpaka nilipofika mashine ya kusaga, hapo nikaacha. Pole. Najua ulichokuwa unakitafuta. Umejinyima ili binti yako apate usichokipata, na kila mtu akisifu ile shule ulisikia kama anakusifu wewe. Hilo ni la kibinadamu na wala halikufanyi kuwa mtu mbaya. Lakini soma tena barua yako, mwanangu. Umemlalamikia Madam, umemlalamikia matroni, Mhina umemtaja kwa kucheka kwake. Simu ilikuwa mkononi mwa nani? Munira alimvika bibi yake mbele ya kuku. Wewe ulimvika mbele ya Tanzania.

Na usiniambie ulinyamaza kwa sababu ya Kiingereza. Kichwa ulichoitikia nacho hakina lugha. Mama mkwe alikuuliza kwa Kiswahili safi kama kimemkaa, na wewe ukamdanganya.

Sasa tuanze na mtoto, maana yeye ndiye anayeumia zaidi na ndiye uliyemweka mwishoni. Ukimaliza kusoma jibu hili, nenda ukakivue hicho kibao shingoni mwake kwa mikono yako. Usimwambie akivue mwenyewe. Mtoto ambaye ameanguka, damu inamtoka, anaita mama, halafu anavishwa ubao kwamba ni mjinga, amefundishwa kitu kimoja tu, kwamba fedheha haiishi, inahamishwa. Ndiyo maana alitafuta wa kumhamishia. Mwambie kwamba kuita mama ukiumia si kosa katika lugha yoyote. Mwambie pia kwamba alimkosea bibi yake, kwa sababu alimkosea, na kwamba mtaenda pamoja kuomba radhi, kwa sababu wewe ulikosea zaidi.

Video ifute leo. Kisha andika kwenye kundi hilo hilo, kwa Kiswahili, kwamba yule ni mama mkwe wako, kwamba hakujua kilichoandikwa na wewe hukumwambia, na kwamba unaona haya. Utasikia ukimya mkubwa. Hakuna atakayekutumia vidole gumba. Vumilia, hautakuua.

Handeni nenda wewe na Munira. Mume wako mwache na malori yake, yeye ameshakwenda na kosa halikuwa lake. Mchele na kitenge acha nyumbani. Ukiingia na mfuko mkononi utakuwa umekwenda kununua, na mama huyo si gari la kuuzwa. Mumeo alishakuambia. Ingia mikono mitupu, kaa chini, useme ulichofanya kwa jina lake: nilikuona unaondoka nacho, sikukuita, nilikuwa nasoma sifa. Usitie neno lakini. Akikujibu kwa Kizigua, jibu kwa Kizigua unachokijua, na usichokijua uliza. Umeishi na mama huyu miaka yote hiyo na umeweza kukariri ratiba ya shule kwa moyo. Asiporudi siku hiyo, usimvute. Mwache mtoto kwake likizo iliyobaki, ampikie, amchotee maji, wazungumze wanavyotaka. Watapatana upesi kuliko ninyi wakubwa.

Kuhusu kumhamisha mtoto, subiri kwanza. Sisemi Munira asijue Kiingereza. Akijue mpaka akiote, dunia yake itamdai. Ila anayefundisha lugha kwa kamba ya shingoni ameshindwa kufundisha na anaficha. Kibao hicho Sabiri akirudishe mwenyewe shuleni kabla Munira hajarudi, akimkabidhi mwalimu mkuu mkononi, aseme mwanangu hatakivaa tena. Wakimpokea mtoto bila masharti, asome. Wakisema sheria ni sheria, rudini naye siku hiyo hiyo. Shule zipo, na sketi za zambarau zinashoneka popote.

Siku ya wazazi nenda. Ulisema ndiyo, ukasimame. Hotuba ya kukariri usiihangaikie, mwanangu. Hao wazazi unaowaogopa wengi wao wamekaa pale muhula baada ya muhula wakipiga makofi kwa kuangalia jirani amepiga lini. Simama, salimia, ueleze kwa Kiswahili kilichotokea nyumbani kwako pale nidhamu ya shule ilipoingia. Usimtukane mtu. Sema kilichotokea, ukae. Na mkimaliza, wewe na Mama Getruda muwaulize walimu habari za yule paka.

*

Wasomaji, kwa kuwa shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, jibu hili nilimsomea Mama Munira kwenye simu kabla halijachapwa. Alilia kidogo, akabisha kidogo kuhusu mchele, akafanya. Juzi amenitumia ujumbe, na kwa ruhusa yake nauweka hapa.

"Shangazi, shikamoo. Kibao Sabiri alikirudisha mwenyewe, na sasa hakipo tena pale shuleni, wazazi walinyoosha mikono kukikataa siku ile ile ya wazazi, ingawa Madam anasema ni kwa majaribio na tathmini itafanyika. Sabiri amerudi kula nyumbani, mboga anaisifia kupita kiasi, nadhani ni njia yake ya kusema yameisha. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana sikuhutubia mimi.

"Handeni bibi alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia, alipomaliza kunisikiliza akamwambia Munira amsaidie kuchambua maharage, mimi akaniambia nirudi dukani, mtoto abaki, na likizo iliyobaki wakashinda wanaongea Kizigua. Hakusema amenisamehe. Lakini siku ya wazazi nashuka kwenye basi Korogwe namkuta amekaa na Mbaruku kituoni, amevaa khanga mpya, ananiambia tumechelewa.

"Ilipofika zamu yangu nilisimama nikaeleza kwa Kiswahili kama ulivyoniambia, nikafika pale mashineni nikashindwa kuendelea. Basi bibi akasimama mwenyewe. Madam Evodia akamkaribisha kwa Kiingereza, kwa heshima zote, na bibi akaanza kuongea kwa Kizigua. Meza kuu wakawa wanatabasamu hawaelewi. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Habakuki, akauliza kama kuna wa kutafsiri, na Munira akanyoosha mkono. Akasimama pembeni ya bibi yake, bibi anasema Kizigua, yeye anakigeuza Kiingereza moja kwa moja, hapitii hata kwenye Kiswahili, na Mzee Habakuki anatunong'onezea sisi tulio nyuma kwa Kiswahili. Bibi alisema anawasalimu walimu. Alisema amelea watoto saba na hakuna aliyejifunza kuongea kwa kuogopa kuongea. Alisema angependa kumwona mtu aliyeandika ule ubao, amwangalie tu, hatamfanya kitu.

"Mama Getruda alikuwa analia. Munira alipomaliza sentensi akavuta pumzi, na Madam Evodia akasimama akaanza kupiga makofi, akasema kwa Kiingereza jambo refu huku anamwonyesha Munira kwa mkono.

"Bibi akamuuliza mjukuu wake, 'Amesema nini?'

"Munira akamjibu, 'Amesema Kiingereza changu ni kizuri sana.'

"Bibi akakaza khanga yake kiunoni. 'Haya,' akasema, 'mwambie akae. Sijamaliza.'"